Elektroni Zilizokuwa Zikipotea

Mjomba wangu alifundisha hisabati kwa miaka kumi na minne katika shule ya kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, na mitatu kati ya hiyo nilikuwa mwanafunzi wake. Darasani hakuniita mpwa. Aliniita "wewe wa dirishani", kwa sababu nilikaa karibu na tundu tuliloliita dirisha, na nikikosea alinisimamisha kama alivyowasimamisha wengine. Sisi ni Warundi. Mimi nilizaliwa kambini. Yeye aliingia akiwa kijana, cheti chake cha ualimu kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni chini ya shati.

Tulipoletwa Marekani tuligawanywa. Mama nami tulipelekwa Louisville, mjomba na familia yake Columbus. Mwezi wa pili tu alikipeleka cheti kile kwenye ofisi fulani. Mama mmoja mpole alikigeuzageuza, akamwambia kwamba kwa bahati mbaya angehitaji kuanza shule upya, tangu chini. Mjomba alishukuru, akakirudisha cheti kwenye mfuko wake, akaenda kuomba kazi kwenye ghala la kupangia vifurushi karibu na Reynoldsburg, na yuko huko hadi leo.

Nilipoanza chuo kidogo cha Louisville nilikuwa nikifanya kazi kiwandani Jeffersontown, tukitengeneza vifuniko vya plastiki, na masomo niliyahudhuria nikitoka zamu, mikono bado inanuka plastiki ya moto. Siku moja nilikwama kwenye hesabu, nikampigia mjomba. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Mwalimu alibaki Kigoma, mwanangu. Huku kuna mtu wa maboksi." Alisema bila hasira. Akaniuliza hali ya mama, tukaagana. Sikumuuliza tena hesabu kwa miaka sita.

Miaka hiyo ilinitendea mema. Nilihamia chuo kikuu, nikamaliza shahada, kisha nikapata nafasi ya kuendelea na fizikia Buffalo. Nilikodi chumba cha juu kwenye nyumba ya mjane mmoja Mkongomani wa Bukavu, upande wa mashariki wa mji, East Side. Asubuhi alioka mikate kiwandani, jioni aliimba kwaya. Theluji ya Buffalo nilikuwa nimeonywa, lakini kuonywa si kuona. Wiki ya kwanza ya baridi mama mwenye nyumba alinivalisha koti la marehemu mumewe, refu mpaka magotini, na sikulivua hadi Aprili.

Kazi niliyopewa na mwalimu wangu wa chuo nitaieleza kama nilivyomweleza mama kwa simu. Kuna elektroni, kitu kidogo kuliko vyote unavyoweza kuviwazia, na mbele yake kuna kuta mbili nyembamba. Si za matofali. Ni tabaka ambazo elektroni haina nguvu ya kuzipita. Kwa akili ya kawaida ingegonga na kurudi. Lakini elektroni ina tabia ya wimbi, na wimbi haliishi ghafla pale linapokatazwa. Linafifia ndani ya ukuta, na ukuta ukiwa mwembamba, sehemu yake hutokeza upande wa pili. Ndiyo maana mara nyingine elektroni hurudi, mara nyingine hukutwa ng'ambo, na hakuna tundu lililotobolewa. Juu ya hayo tunaweka umeme, kutoka upande mmoja hadi mwingine. Umeme huinamisha kila kitu, kama mtu aliyeinua miguu ya meza upande mmoja: vichwa vya kuta vinalala, na ng'ambo kunakuwa bondeni. Kazi yangu ilikuwa kuiandikia kompyuta programu ipige hesabu: umeme ukiwa kiasi hiki, uwezekano wa elektroni kuvuka ni kiasi gani?

Mama alikuwa kwenye mapumziko kazini, kwenye nyumba ya wazee anakowahudumia.

"Yesu naye aliingia milango ikiwa imefungwa," akasema.

"Mama, hii ni fizikia."

"Sijakataa. Nasema tu kwangu si jambo geni. Umekula?"

Mama mwenye nyumba naye alitaka habari kila siku, kama mtu anayefuatilia ugonjwa wa jirani. "Bon, mwanangu," angeniuliza kwa Kiswahili chake cha Bukavu huku akivua viatu mlangoni, "ile elektroni yako ilishapita, ao ingali mu ukuta?"

Mwanzoni zilipita vizuri. Mteremko ule wa umeme hauhesabiki kwa urahisi, basi nilifanya wanavyofanya wengi: niliukata vipande vyembamba, nikakichukulia kila kipande kuwa bapa, mteremko ukawa ngazi. Kila kidato kina jedwali lake la namba nne. Ukiyazidisha majedwali yote kwa mpangilio, mwishoni unapata mambo mawili: wimbi lililorudi lina ukubwa gani, na lililovuka lina ukubwa gani. Nilipenda sana kazi hiyo. Nilipenda jinsi grafu ilivyolala chini karibu na sifuri, kisha ghafla ikainuka kama kidole mahali pamoja, pale wimbi linapoenea sawasawa kwenye nafasi iliyo kati ya kuta mbili na kupita karibu lote. Mara ya kwanza kukiona kidole kile nilisimama kwenye kiti changu katika chumba cha watafiti, na mwenzangu wa meza ya pili akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Lakini kazi hii ina kipimo chake kisichodanganya. Elektroni ama imerudi ama imevuka. Ukijumlisha uwezekano wa kurudi na uwezekano wa kuvuka, lazima upate moja. Bila umeme, nilipata moja kamili. Nilipowasha umeme kidogo kwenye programu, nikapata pungufu kidogo ya moja. Nilipouongeza, jumla ikashuka zaidi, hasa pale kwenye kidole. Ilikuwa kama elektroni zinaingia mlangoni na nyingine hazitoki popote.

Nilidhani ngazi zangu ni nene mno. Nikakata vipande mara kumi zaidi. Jumla haikusogea hata kwenye tarakimu ya nne. Nikaandika programu upya tangu mstari wa kwanza, na kosa lile lile likaja limekaa mahali pale pale. Mwalimu wangu alikuwa safarini kwa majuma mawili. Alikuwa ameniambia nimwandikie nikikwama, nami sikumwandikia. Niliona aibu. Katika kundi letu mimi ndiye niliyekuwa nimetokea kiwandani, na ingawa hakuna aliyewahi kunisema kwa hilo, nililibeba mwenyewe kila nilipoingia chumbani mle.

Siku ya tisa nilifanya kitu ambacho sikukipenda. Niligawa kila jibu kwa jumla yake, ili jumla mpya iwe moja kwa lazima. Mstari mmoja tu wa programu. Grafu ikatoka safi, namba zikatimia, na mimi nikaifunga kompyuta na kwenda kununua chai. Nilipoirudia grafu ile sikuweza kuitazama. Niliufuta mstari ule, na upungufu ukarudi.

"Zingine zinapotea, mama," nilimwambia mama mwenye nyumba jioni hiyo.

"Donc zitafute," akasema. "Kitu haiwezi kupotea bila kuwa fasi fulani, mahali fulani."

Wiki ya sikukuu ya Shukrani nilipanda basi la usiku kutoka Buffalo hadi Columbus. Mpango ulikuwa nilale kwa mjomba, kesho yake anichukue kwa gari lake mpaka Louisville, tule sikukuu kwa mama. Asubuhi hiyo ya Jumatano mjomba hakuwa na zamu. Shangazi, yaani mkewe, alikuwa kazini, na binti yao wa miaka kumi na mitatu alikuwa amejilaza sofani na simu, akimjibu baba yake kwa Kiingereza kila alichoulizwa kwa Kiswahili. Mjomba alimwaga maharage mezani, akaanza kuchambua, mawe huku, mabovu kule. Mimi nilikaa upande wa pili wa meza na kompyuta yangu. Sikuwa nimekusudia kumwonyesha kitu.

"Mbona unaitazama kama inakudai?" akauliza.

"Ni hesabu haitimii, mjomba."

Akaendelea na maharage. Nilijua hataki, nikarudi kwenye kioo changu. Baada ya muda nikaona amenyoosha shingo. Safu ya namba ilikuwa wazi kwenye kioo: umeme sifuri, jumla moja; umeme mdogo, sifuri nukta tisa saba; halafu tisa moja; halafu nane nne.

"Hizi zilitakiwa ziwe nini?"

"Moja. Zote."

"Zote ziwe moja," akarudia, na sauti ilikuwa imebadilika. Ilikuwa sauti ninayoijua. "Hii ya juu kabisa imetimia?"

"Imetimia. Hapo hakuna umeme."

"Na kuta zako zipo?"

"Zipo."

"Basi kosa haliko kwenye kuta. Usiendelee kuzitafuta huko. Kosa limekuja na umeme." Akayasukuma maharage pembeni. "Nieleze. Huyu mtu wako akishavuka, umeme unamfanyia nini?"

"Unamvuta. Anateremka."

"Akiteremka?"

"Anakwenda kasi zaidi kuliko alivyokuja."

"Na wewe umehesabu nini kule ng'ambo?"

Nikamweleza: ukubwa wa wimbi lililovuka, uliozidishwa wenyewe kwa wenyewe, ambao unakuambia uwezekano wa kuikuta elektroni mahali pale.

Mjomba akachukua konzi ya maharage na kuyapanga mstari mmoja mezani, yamebanana. Alipofika katikati ya meza akaanza kuyaachanisha, moja hapa, jingine upana wa vidole viwili mbele yake.

"Kazini," akasema, "vifurushi vinakuja kwenye mkanda wa polepole. Vimebanana hivi. Halafu vinahamia mkanda wa kasi, na vinaachana hivi. Meneja mpya alikuja akapiga picha juu ya mikanda yote miwili, akahesabu vifurushi kwenye kila mita. Akasema, vingine vinaibiwa hapa katikati. Alituita ofisini watu watano."

"Mkafanyaje?"

"Mimi nilimwambia asimame mahali pamoja, ahesabu vinavyompita kwa dakika. Huku, na huku. Namba ikawa ile ile. Hakuna kilichoibiwa. Vilikuwa vinakimbia tu."

Nilikuwa nayatazama maharage. Nilikuwa nimepiga picha nikahesabu kwa mita, nilipotakiwa kusimama mahali na kuhesabu wanaopita. Upande wa kuingilia na upande wa kutokea hazikuwa na kasi moja, nami nilikuwa nimezilinganisha kana kwamba kasi ni ile ile. Bila umeme kasi ni sawa pande zote, ndiyo maana pale hesabu ilitimia. Ilibaki kuzidisha jibu la ng'ambo kwa uwiano wa kasi mbili, kasi ya kutokea ikigawanywa kwa kasi ya kuingilia. Kitu hicho kimeandikwa kwenye kila kitabu cha fizikia ya kwanta, nami nilikuwa nimekisoma na kukijibia mtihani, halafu kikanipita nilipokihitaji.

Niliandika ule uwiano. Programu ikazunguka sekunde chache, safu mpya ikatokea, na mjomba akaisoma kwa sauti kutoka juu hadi chini, kama anasoma majina ya waliofaulu: "Moja. Moja. Moja. Moja."

Nilimkumbatia juu ya maharage, mengine yakaanguka chini. Binti yake alishusha simu na kututazama. "Mmefanya nini?" akauliza, kwa Kiswahili.

"Tumepata watu waliopotea," mjomba akamjibu. Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa darasani kabisa. "Sasa andika kwa nini. Usiandike jibu tu. Jibu bila sababu nitakata alama."

Hapo ndipo nilipomwambia juu ya ule mstari wa kugawa. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Hiyo ni kumwekea mwanafunzi alama ya vema bila kusoma alichoandika," akasema. "Ulivyoufuta, ulifanya vizuri. Umenikumbusha kitu." Lakini hakusema ni kitu gani, akainama kuokota maharage.

Kesho yake, kutoka Columbus mpaka Louisville, hakunyamaza. Shangazi alikaa nyuma na binti yao, akatuambia mapema kwamba yeye amechoka na hataki kusikia habari za ukuta. Mjomba alitaka kujua majedwali yanazidishwaje, kwa nini yasibadilishwe mpangilio, kwa nini kidole cha grafu kinahama umeme ukiongezwa. Nilimweleza yote, na asipoelewa alisema, "Rudia, lakini taratibu, na usitumie mikono, naendesha." Tulipokaribia Cincinnati alianza kunirudishia maelezo yangu, akiyanyoosha, na nilitambua kwamba anayasema kwa namna ambayo mtoto wa darasa la nane angeyafuata. Miaka yote ile nilikuwa nimedhani ameisahau kazi yake.

Kwa mama tulikuta nyumba imejaa harufu ya isombe, yaani kisamvu, na ya bata mzinga wake, ambaye kila mwaka humpika kwa njia ya Kirundi, kwenye mchuzi, kwa kuwa anasema bata wa kuoka ni mkavu kama mkeka. Kabla ya kuomba, mjomba alisimama na kuwaeleza wote waliokuwepo kisa cha elektroni zilizopotea. Mama alimsikiliza kaka yake mpaka mwisho. Niliona anamtazama yeye kuliko anavyoyafuata maneno. Baadaye jikoni, tukiosha vyombo, aliniambia, "Miaka mingapi sijamsikia akiongea hivyo." Akafuta sahani moja kwa muda mrefu. "Umenirudishia kaka yangu."

"Mimi ndiye niliyesaidiwa, mama."

"Najua. Ndiyo maana."

Mwalimu wangu aliporudi safarini nilimweleza kila kitu, pamoja na aibu yangu. Alicheka mpaka akavua miwani. Alisema kosa hilo hilo alilifanya yeye akiwa mwanafunzi, na lilimkalisha mwezi mzima. "Na hukuwa na mjomba wa vifurushi," nikamwambia. "Sikuwa naye," akasema, "ningekuwa naye ningemaliza mapema." Kisha akaniambia, kwa upole lakini bila kuzunguka, kwamba nisimfiche tena kosa hata siku moja, na tangu hapo sijamficha.

Majira ya kuchipua nilitoa maelezo ya kazi yangu mbele ya idara. Mama na mjomba walikuja Buffalo kwa gari, wakafikia kwa mama mwenye nyumba wangu, ambaye aliwapokea kama wakwe. Mjomba alivaa suti aliyoolea. Kwenye slaidi ya mwisho, pale tunapotoa shukrani, nilimtaja kama mwalimu wangu wa kwanza wa hisabati. Nilisikia mama akiguna kwa furaha kutoka safu ya tatu.

Walipokaribisha maswali, mkono wa mjomba ulikuwa wa kwanza juu. Kiingereza chake ni cha ghalani, kimechanganyika na Kifaransa cha shule, na mle ndani walikuwa wamekaa maprofesa. Aliuliza polepole: umeme ukiachwa ulivyo, lakini elektroni yenye nishati ile ile ikatokea upande wa bondeni na kurudi juu, uwezekano wake wa kuvuka utakuwa ule ule?

Sikuwa nimelipima. Nikasema hivyo hivyo, kwamba nadharia inasema ndiyo, lakini kwa programu yangu sijalipima. Mzee mmoja wa idara aliyekaa mbele aligeuka nyuma kumtazama mjomba, akasema hilo ndilo swali ambalo yeye pia alitaka kuuliza. Wakaanza kuongea wao kwa wao, mmoja kwa Kiingereza cha vitabu, mwingine kwa Kiingereza cha mikanda, na walielewana. Mimi nilisimama pale mbele nikisubiri wamalize, na sikuwa na haraka.

Mchana huo huo, kabla hawajaondoka, tulilipima pamoja kwenye meza yangu, mama akila biskuti za chuo kando yetu. Namba zilifanana mpaka tarakimu ya kumi na moja. Mjomba alizitaka kwenye karatasi, nikamchapia.

Vuli iliyofuata alianza darasa la Jumamosi katika ukumbi wa kanisa lao Reynoldsburg. Hakuna aliyemwomba. Alisimama baada ya matangazo akasema wenye watoto wanaosumbuliwa na hesabu wawalete saa nne asubuhi. Walikuja sita, Warundi na Wakongomani. Sasa ni wengi kiasi kwamba meza hazitoshi. Wanamjibu kwa Kiingereza, yeye anawauliza kwa Kiswahili, na hesabu wanaifanya. Binti yake ndiye anayewafundisha wadogo kugawanya.

Nilipita hapo mwezi uliopita nikielekea Louisville. Mlango ulikuwa wazi, nikasimama nyuma. Mjomba alikuwa ubaoni, chaki hadi kwenye nyusi, akimsubiri msichana mmoja amalize kueleza kwa nini jibu lake ni kumi na mbili. Msichana alikwama, akaanza upya, akakwama tena. Mjomba hakumsaidia wala hakumharakisha. Aliniona, akanionyesha kwa kidole kiti kilichokuwa wazi, nami nikaketi.